Santuri ya Miluzi ya Allister

Noeline Haggart hajawahi kuchonga santuri mbaya hata moja. Muulize mwenyewe atakwambia, na asipokuwapo niulize mimi jirani yake, maana wimbo huo nimeusikia kwa miaka kumi na tisa juu ya ua wetu wa waya. Santuri zake ni nzima. Kibovu ni gramafoni za watu.

"Velma," huniambia, mikono kiunoni, "ukimpa mtu supu naye akainywa kwa uma, kosa ni la supu?"

Ukimjibu kwamba huenda supu ndiyo nyepesi mno, hasemi nawe mpaka Jumatano.

Asubuhi na alasiri anaendesha basi la shule. Katikati hapo anajifungia katika banda la nyuma, ambamo mumewe Des alikuwa akichuna kondoo kabla hajakimbilia Australia na mwanamke wa kuuza matrekta. Des alichukua pikapu, akaacha ndoano za nyama. Noeline hakulia hata wiki. Alikwenda mjini Dunedin kwenye mnada wa kituo cha redio kilichofungwa, akarudi na mashine ya kuchongea santuri, nzito kuliko jiko la chuma. Tuliiteremsha watu sita, na mmoja wetu mpaka leo anatembea upande.

Kazi yenyewe haina siri. Anachukua plastiki ngumu, ile ile tunayoezekea vibanda vya nyanya, anaikata duara kwa msumeno, kisha anatoboa tundu la katikati kwa makadirio na sala. Anaiweka juu ya mashine, anafungulia sauti, na sindano inaichonga plastiki mzunguko kwa mzunguko. Wimbo wa dakika tatu unachongwa dakika tatu, na lori la maziwa likipita barabarani, nalo linaingia humo humo kwenye kwaya.

Mle bandani santuri inaimba mpaka unasikia raha mwilini. Taabu inaanza ikitoka nje. Mfereji wake si wa kina kama wa santuri za kiwandani, na yenyewe ni nyepesi kama jani la kabichi. Gramafoni za kabati za wazee wetu, zenye mkono wa sindano mzito kama nyundo, zinaipiga bila kinyongo. Zile za sanduku wanazonunua wasichana zinaikimbiza, mwimbaji wa besi anageuka kifaranga. Halafu iko ya daktari wetu wa meno, iliyomgharimu bei ya ng'ombe wawili. Mkono wake ni mwembamba, unaelea. Ukipiga chafya sebuleni, umevuka nyimbo mbili.

Bwana na bibi Pullar walichongewa viapo vyao vya ndoa kwa kuadhimisha miaka hamsini. Wageni wamekaa, keki imekatwa, santuri ikafika pale bwana harusi anapokubali na sindano ikakwama. "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo." Watu walitaka kuizima, bibi Pullar akawazuia. Alisema katika miaka hamsini hajapata kusikia mzee akimkubalia mara nyingi namna ile, wamwache amalize.

Baada ya aibu hiyo Noeline akaanza kuandika juu ya kila bahasha, kwa kalamu nyekundu: "Ikiruka, bandika sarafu ya dola mbili juu ya kichwa cha sindano. Usicheke." Akaanzisha na desturi nyingine, tukaiita kupeleka posa. Kabla hajamkabidhi mtu santuri, anaizungusha mjini aijaribu kwenye gramafoni za watu: kwangu, baa, kwa mchungaji, shuleni. Kila nyumba chai, kila nyumba umbea, kwa hiyo santuri ya nyimbo nne ilikuwa inachukua wiki kutoka. Hakuna aliyelalamika. Eweburn ni mji mdogo na majira ya baridi ya bonde la Maniototo ni marefu.

Sasa nije kwa Allister McSkimming.

Allister alikuwa mfunza mbwa wa kondoo. Nikisema mfunza, usidhani mtu wa mchezo mchezo. Kwa miaka arobaini, mkulima wa bonde letu akitaka mbwa aliyekwisha kujua kazi, alikwenda kwa Allister na kurudi na mbwa. Alisimama langoni, mikono mfukoni, akapiga mluzi: mmoja wa kwenda kushoto, mmoja wa kulia, mmoja wa kuleta kondoo, mmoja wa kulala chini. Mbwa yu nusu maili juu ya kilima na anageuka kama umemvuta kwa kamba. Nimeuona huo mluzi ukimlaza mbwa ndani ya mto.

Mwezi wa saba kondoo dume mmoja mpumbavu akamkimbilia langoni na kumvunja taya. Meno ya mbele yote yakaenda. Hospitali walimfunga kwa waya, mfupa ukaunga upande, na akatoka kule hawezi mluzi. Vile vipenga vya plastiki vya kushika mdomoni alivijaribu, hewa ikatokea puani. Na maneno? Kila "sa" ikawa "fa", na mate juu yake. Siku ya kwanza alimwita mbwa wake malishoni kwa mdomo, wakata manyoya waliokuwa ng'ambo ya ua wakacheka. Hawakuwa na ubaya, walidhani anatania. Lakini tangu hapo Allister hakufungua tena kinywa mbele za watu. Dukani alionyesha kidole. Kanisani alitikisa kichwa. Alizungumza na Noeline tu, rafiki yake wa siku nyingi, na nyumbani na Tip.

Tip ndiye mbwa wake wa mwisho, jike, miaka sita, mweusi mwenye soksi moja nyeupe. Miezi sita alikaa barazani bila kazi, akichunga kuku. Kijana wa Allister, Craig, aliyeko Invercargill, akaja Januari, akaona kuku wamekonda kwa kuchungwa. Craig si mtu mbaya, ila ana haraka ya watu wa mjini.

"Baba, mbwa wa kazi bila kazi anapata wazimu," akasema. "Iko familia moja kule Tapanui, kondoo elfu tatu. Mwenyewe atakuja siku ya maonyesho ya kilimo, Jumamosi ya pili ya Februari, aondoke naye."

Allister akatikisa kichwa, akatoka nje. Noeline alimkuta nyuma ya banda la manyoya amekaa chini, mbwa mapajani.

"Fitaki," akamwambia. "Noeline, fitaki kabifa."

Noeline alikuja kwangu amefura kwa hasira. Mimi pia nilikasirika. Halafu akanyamaza katikati ya sentensi, kikombe hewani, nikajua tumekwisha.

"Shoga," akasema, "ile kanda."

"Kanda ipi?"

"Ya chama cha mbwa. Mwaka wa tisini na nane walimrekodi Allister miluzi yake yote, wafundishie vijana. Iko kabatini kwako, wewe si ndiye katibu?"

"Iko. Basi akapige kanda malishoni."

"Kanda utaitafuta mluzi wa kulia mpaka kondoo wafike baharini! Santuri, Velma! Kila mluzi na mahali pake. Unashusha sindano hapa, kushoto. Unashusha pale, kulia. Katikati kabisa, lala chini."

"Noeline, unataka mwanamume achunge kondoo kwa gramafoni?"

"Kwani wewe unamchunga mumeo kwa kitu gani?"

Basi tukacheka mpaka chai ikapoa, na kesho yake hakupeleka basi gereji kama alivyoagizwa. Alikuwa bandani anachonga.

Santuri ya kwanza, ndani ya banda, ilikuwa muujiza. Mluzi wa kulala ulipotoka tu, Tip aliyekuwa mlangoni akaanguka chini kama gunia. Allister alifuta macho kwa kofia. Tukaipakia kwenye pikapu pamoja na gramafoni ya sanduku ya betri, tukaenda malishoni, na huko ndiko tulikokuta mambo. Kwanza ile gramafoni ilikuwa inakimbia, mluzi ukatoka mwembamba kama wa ndege, Tip akatazama angani. Tukaipunguza mwendo. Kumbe na tundu la katikati limekwenda pembeni kidogo, mluzi ukawa unapanda na kushuka, na mbwa wa watu akaanza kwenda kushoto, akasita, akaenda tena, kwa mwendo wa mlevi anayetafuta mlango wa nyumbani. Mwisho upepo ukaiinua santuri yenyewe ikaruka juu ya ua. Tip aliihangaikia kuliko kondoo wote. Aliirudisha na alama za meno.

Ya nne tuliipiga kwa Allister, kwenye gramafoni ya kabati, dirisha wazi. Mwendo sawasawa. Sindano ikashuka kwenye mluzi wa kushoto, Tip akatoka kama risasi kuzunguka banda la manyoya na kondoo wake mbele, vizuri mno, na sindano ikakwama. Kushoto, kushoto, kushoto. Wakapita. Wakapita tena. Noeline alikimbilia sebuleni, akajikwaa kwa paka, akaanguka. Kondoo walizunguka mara kumi na nne, wakasimama wakiwa wameegemeana. Nikasikia sauti nyuma yangu sijaisikia tangu mwezi wa saba, Allister anacheka, kinywa wazi, ufizi wote nje. Aliponiona namtazama akakifunga. Mficha uchi hazai, nilitaka kumwambia, lakini Noeline peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kumsema.

Noeline hakulala kwa kufikiri. Akagundua mluzi wenye nguvu unaitikisa sindano mpaka inaruka, akaupunguza sauti. Akachonga kwa kina zaidi, akaachanisha mifereji. Alichonga tisa kwa jumla. Ya tisa ikapelekwa posa mji mzima: kwangu ikapita, baa ikapita na sarafu, kwa mchungaji ikapita na mbwa wa mchungaji akalala chini ya meza, tukamsifu sana mbwa wa mchungaji na hatukuwaza zaidi. Siku ya Alhamisi ikajaribiwa kwenye gramafoni ya kibanda cha mtangazaji uwanjani, ile iliyounganishwa na spika za nguzoni, kwa sababu huko ndiko itakakopigwa. Ikapita kama siagi.

Noeline alikuwa amekwisha kumbana Craig kwa simu. Nilikuwepo. "Sikiliza, mwanangu," alimwambia, "mimi nimekupeleka shule miaka minane na umetapika kwenye basi langu mara tatu. Baba yako akiingiza kondoo watatu zizini mbele ya watu, mbwa anabaki. Asipoingiza, mchukueni. Sawa?" Craig akasema sawa, bila shaka kwa sababu ya yale matapishi.

Sasa kosa. Kosa ni langu, na nalisema mwenyewe kabla hujalisikia baa. Mtangazaji wa maonyesho ni mimi. Ijumaa nikipanga vitu kibandani niliweka chai juu ya gramafoni, chai ikamwagika ndani, ikatoa moshi. Daktari wa meno akawa muungwana, akaniazima yake. Noeline sikumwambia. Nilijiambia gramafoni si gramafoni?

Jumamosi uwanja ulijaa. Akina mama wa skoni, vile vimkate vya chai vya kushindaniwa, wamepanga meza, mikate ya jibini inaokwa, watoto wamevisha wanakondoo wao utepe, wasichana wa gwaride na kofia zao za manyoya wanasubiri zamu, na pikapu za bonde zima zimepangwa kuzunguka ua, kila moja na mbwa wake nyuma. Katikati ya uwanja Allister amesimama peke yake, suti ya harusi, mdomo umefungwa kabisa. Tip miguuni. Mbali kule kondoo watatu wenye alama ya rangi ya bluu mgongoni. Karibu naye zizi dogo, lango wazi. Craig kwenye uzio pamoja na bwana wa Tapanui, ambaye alikuwa amekuja na mnyororo mpya.

Noeline akaingia kibandani na santuri kifuani. Akaiona gramafoni. Akaniangalia.

"Velma. Hii nini?"

"Chai ilimwagika."

"Lini?"

"Jana. Noeline, hii ni ya bei mbaya, ni nzuri kuliko—"

"Velma, ukifa kabla yangu nitakuja mazishini na nguo nyekundu."

Hapakuwa na muda. Nikatangaza. Akashusha sindano kwenye mluzi wa kushoto, na mluzi wa Allister wa mwaka wa tisini na nane ukatoka kwenye spika nane, safi, mrefu. Tip akaondoka. Watu wazima walivua kofia, wallahi, maana walidhani hawatausikia tena. Tip akapinda nyuma ya kondoo watatu, akasimama anasubiri. Noeline, jasho puani, akainua mkono ule mwembamba na kuushusha kwenye mluzi wa kuleta.

Ukapiga. Halafu ukakwama. Lete. Lete. Lete. Lete.

"Sarafu!" akapiga kelele. "Nipe sarafu ya dola mbili!"

Nikapekua pochi. Nilikuwa na noti, stempu, na kitufe. Na hapo nikatazama dirishani, nikaona kitu ambacho sisi wote, watu wa kondoo tangu babu zetu, tulikuwa tumekisahau. Nusu ya mbwa waliokuwa kwenye pikapu zile aliwafunza Allister.

Walikuwa wameruka chini. Karibu arobaini, vijana kwa wazee, mmoja ana miguu mitatu, mwingine kamba imekatika ikimfuata. Mtu alisema leta, na mbwa wa Allister akiambiwa leta haulizi nini. Walileta wanakondoo wenye utepe na watoto wameshika utepe. Walileta bata wa shindano la bata. Walileta alpaka wanne wa mwalimu mkuu, wale wanyama wa manyoya wenye shingo ndefu. Wasichana wa gwaride walikujaje sijui, ila walikuja kwa mistari, wanapiga hatua, mbwa wawili nyuma na kiongozi wao akipuliza kipenga kwa hasira. Majaji wa skoni walikuja. Mchungaji alikuja, ameletwa na mbwa wake mwenyewe. Wote wanasukumwa polepole, kwa ustadi mkubwa, hakuna aliyeumwa hata kidole, kuelekea miguuni kwa Allister McSkimming, na spika zinasema lete, lete, lete.

"Velma, wewe nawe uko wapi!"

"Sina sarafu!"

"Chochote kizito!"

Nikachukua kipande cha skoni cha bibi Pullar, ambacho bonde zima linajua uzito wake, nikakibandika kwa bablishi niliyokuwa natafuna juu ya kichwa cha sindano ya ng'ombe wawili. Mkono ukazama. Sindano ikaguna, ikavuka, ikaingia kwenye mluzi wa mwisho.

Lala chini.

Mbwa arobaini wakalala kwa pamoja. Na mtoto mmoja wa gwaride naye akalala, kwa uoga. Kisha sindano ikateleza mpaka katikati ikichana plastiki njia nzima, spika zikapiga mlio mmoja wa kutoboa masikio, basi. Noeline akaitoa santuri akaishika mbele ya mwanga. Ilikuwa na kovu kutoka ukingoni mpaka tunduni. Zile nyingine nane zilikuwa nyumbani, mbovu. Zizi lilikuwa tupu, na wale kondoo watatu wa bluu wamepotea katikati ya alpaka.

"Imekwisha," akasema. Akakaa juu ya kreti ya soda, akalia kama mtoto, yule ambaye Des alimwona akicheka siku ya kuondoka. Nilimshika bega akaniondoa mkono.

Nje alisikika bata mmoja tu. Allister amesimama katikati ya ule umati wa manyoya na kofia, anazunguka, anatazama. Craig akainama kupita chini ya uzio, bwana wa Tapanui nyuma yake na mnyororo. Tip alikuwa amelala chini na wenzake, macho kwa mzee.

Allister akafungua kinywa.

"Fogea, Tip!" Sauti ilivunjika, ikafika mpaka kwenye meza za skoni. "Fogea kufoto, mama! Polepole!"

Mbwa thelathini na tisa waliinua vichwa, wakatazamana. Hawakuelewa kitu, sawa na sisi. Mmoja akainuka. Miezi saba barazani alikuwa akiambiwa habari za kuku na maumivu ya taya kwa lugha ile ile, na hakuna mwingine duniani aliyekuwa ameisoma. Tip akapita kushoto chini ya matumbo ya alpaka.

"Hapo! Fafa fimama. Fimama, mpenzi. Lete hao watatu. Hao tu. Fitaki bata!"

Mtu mmoja akacheka, wakata manyoya wakageuka wakamtazama akameza kicheko chake. Allister hakusikia. Alikuwa anatembea, mikono juu, mate yanaruka juani, anapiga kelele kwa meno ambayo hayapo, na Tip akawachomoa wale wa bluu mmoja baada ya mmoja kutoka kwenye ule mchanganyiko. Mmoja alijificha nyuma ya mchungaji. Mchungaji alisogezwa. Wakatoka watatu, wakaja mbele ya mbwa kwa heshima zote, wakaingia zizini, na Allister akalifunga lango kwa goti.

Sijui nilichotangaza. Wanasema nilipiga ukelele tu ndani ya kipaza sauti. Noeline alinirukia shingoni na machozi yake yote, tukaangusha kreti, na mle kibandani tukaruka wanawake wawili wenye miaka mia moja na ishirini na saba tukiijumlisha.

Craig alikuja mpaka zizini. Kisha akamgeukia yule bwana.

"Samahani, mzee. Umekuja bure."

"Bure?" akasema bwana wa Tapanui, anakunja mnyororo. "Kijana, mimi nimeletwa na mbwa mwenye miguu mitatu. Naweza kumnunua huyo?"

Allister hakuwasubiri. Alikuja moja kwa moja kibandani, jasho, Tip kisiginoni, akasimama mbele ya Noeline. Nilidhani atamkumbatia. Alitazama ile santuri iliyochanika mkononi mwake.

"Umeiharibu," akasema.

"Gramafoni ndiyo mbovu," akasema Noeline.

Allister akacheka, kinywa wazi, hakukifunga. Kisha akanyoosha mkono kwangu, nikampa kipaza sauti. Alianza kwa kuwashukuru majaji wa skoni. Akahamia yule kondoo dume. Akasimulia hospitali, waya, supu, wauguzi, bei ya meno ya bandia, na kila mbwa aliyelala pale uwanjani akamtaja kwa jina na kwa jina la mama yake. Dakika arobaini. Gwaride likaahirishwa, skoni zikapoa. Hatukuelewa hata nusu ya alichosema, na hakuna aliyemnyang'anya kipaza sauti.